Blanketi la Viraka Nililosema Tumelizika

Élisabethville, mwezi wa saba, 1956

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, wewe ninayekusoma gazetini, na ukiweza nijibu upesi, kwa sababu mwezi wa nane uko mlangoni na mimi sijui nitauweka wapi uso wangu. Mimi ni Floribert, karani wa ghala kwenye reli, mtu wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa hapa hapa mtaa wa cité Albert, ingawa baba yangu alitoka upande wa Kabongo kuja kufanya kazi ya reli, na nilibatizwa, nikasoma kwa mapadri, na mpaka mwaka jana nilijiona mtu mwenye akili timamu. Mke wangu Constance alikuwa mtu wa Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Alifariki mwezi wa kumi uliopita kwa ugonjwa wa mapafu, akaniachia mtoto mmoja, Mwape, msichana wa miaka sita.

Kabla sijafika kwenye kosa langu lazima nikueleze Constance alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo utashangaa mwanamume mzima analilia blanketi. Kila Jumamosi alikwenda sokoni, pale akina mama wanapotandika magunia na kumwaga juu yake nguo zilizokwisha kuvaliwa na Wazungu, nyingine zimetoka kwa maboyi wa nyumba za mjini, nyingine zimekuja katika marobota kutoka Ulaya na bado zina harufu ya dawa ya nondo, na mimi nilimsindikiza nikijidai kubeba kikapu, lakini kwa kweli nilipenda kumtazama. Wanawake wenzake walinyakua zenye rangi kali. Yeye alichuchumaa, akaingiza mkono chini kabisa ya lundo, akafumba macho akipapasa, kisha akachomoa koti la Mzungu mnene lililoliwa na nondo mgongoni, wenzake wakacheka, naye akavuta uzi mmoja kwenye pindo, akaukata kwa meno, akaniambia, "Baba Mwape, angalia uzi, hapana rangi. Rangi inadanganya. Bazungu banatupa koti muzima juu ya kifungo moya!" Koti hilo lilinivika suruali ya kazi miaka mitatu, na mikono yake ikawa soksi za mtoto.

Na Jumapili baada ya misa, Mama Mshauri, ndiyo siku ninayoikosa kuliko zote. Aliketi uani na sweta kuukuu, akatafuta fundo, akaanza kuifumua, nami mbele yake nimenyoosha mikono miwili juu ili azungushie uzi, na tulikaa hivyo hadi mikono yangu ikafa ganzi, tukisema maneno ya hovyo, nani amebatiza, nani amehamishwa Kamina, na nikishusha mkono ananipiga kidogo kwa kijiti cha kufumia. Shuka iliyochakaa katikati aliipasua kwa urefu, akaunganisha zile pande za pembeni ambazo bado zilikuwa nzima. Kola ya shati langu aliibandua, akaigeuza ndani nje, nami nikaenda ofisini na kola mpya. Mwape alivaa chupi za magunia ya unga, na yale maandishi ya kinu hayakutoka hata kwa sabuni na jua, kwa hiyo mtoto wetu alitembea na anwani ya kiwanda matakoni. Tulicheka sana nyumba ile. Hatukuwa na kitu kipya, na sikujua kwamba tulikuwa na kila kitu.

Lakini nikiri yote. Nilipoingizwa katika cercle, chama cha makarani, nilianza kuona haya. Alinishonea kiraka gotini, kiraka safi, mtu angehitaji miwani kukiona, nami nikakataa kuivaa ile suruali mbele ya wenzangu, nikaitupa kwenye pipa la takataka. Aliitoa, akaifua, akasema tu, "Kiraka haiko haya. Haya ni tundu." Hakugomba. Miguu ya suruali ile akaikata vipande vya mraba, akaviweka kwenye blanketi.

Sasa nimefika kwenye blanketi. Mwape alipozaliwa, mama mkwe wangu alikuja kutoka Kilwa akakaa miezi mitatu, kama desturi, na yeye na binti yake walishona blanketi la viraka, chini blanketi la kijivu la reli lililoisha manyoya, juu vipande vya kila nguo iliyopita nyumbani kwetu, shati langu la shule, gauni la Constance la usichana, ile suruali baadaye, na katikati kikwembe cha buluu ambacho mama mkwe alikifungua kiunoni mwake mwenyewe ili apate kumbeba mjukuu. Mwape amelala chini ya blanketi hilo tangu siku ya kwanza ya maisha yake.

Constance alipofariki, barabara zilikuwa mbaya, na kaka yake, Kunda, alifika kesho yake, tumekwisha kuzika. Nilikuwa nimemvika mke wangu gauni jipya, nililolinunua dukani mjini asubuhi ile ile, gauni jeupe lenye vifungo vya chaza, na ndilo gauni jipya la kwanza nililowahi kumnunulia, Mama Mshauri, na hakuliona. Kunda alilia, akanywa maji, akaniuliza, "Shemeji, na ile blanketi ya viraka iko wapi? Siku ya kuondoa matanga mama ataiuliza, njo kitu cha kwanza." Nami najua desturi yao. Siku ya kuondoa matanga ndugu wa marehemu wanakusanya nguo zake zote, wanazitandika mkekani, wanagawana, na mume anakaa pembeni akitazama. Nilimwona Mwape mlangoni amejifunika lile blanketi kichwani, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Tulimuzika nayo."

Basi, imekwisha, nilidhani. Baada ya mwezi ikaja barua, mama mkwe alimwomba katekista amwandikie. Inasema, "Mkwe wangu, tangu nilipopata habari sikulala, nilifikiri juu ya baridi ya udongo, mwanangu alikuwa mtu wa kusikia baridi. Kunda aliponiambia umemfunika blanketi letu, siku ile nililala. Mungu akubariki. Hapa kwetu nimewaambia wote nina mkwe wa namna gani." Na pamoja na barua kikapu cha samaki wakavu. Na kila mwezi tangu wakati ule lori la samaki linaniletea kikapu kingine, na mimi siwezi kuwameza, nawapa majirani, na jirani yangu Germaine ananisifu kwa ukarimu wangu.

Sasa Kunda ameniandikia kwamba mwezi wa nane watakuja kuondoa matanga, na mama mkwe atakuja mwenyewe, atalala nyumbani kwangu. Nilinunua blanketi jipya jekundu, la viraka nikalifungia sandukuni. Mwape alilinusa lile jekundu akasema, "Hii inanuka duka," akalia siku mbili mpaka nikamrudishia lake. Kwa hiyo nikamfundisha. Nilimweka gotini nikamwambia, bibi yako, nkambo wa Kilwa, akikuuliza, sema blanketi ya mama iko mu udongo pamoja na mama. Alisema vizuri, mara tatu, mtoto mwerevu. Lakini asubuhi ya juzi nilimkuta amelikunja, amelifunga kwa kamba, amekaa juu yake mlangoni na viatu amevaa, anatetemeka, maana unaijua baridi ya mwezi huu. Akaniambia, "Baba, tumupelekee mama blanketi yake. Miye sina baridi."

Nimefikiri sana. Naona njia moja tu, kwenda makaburini alfajiri moja na jembe, nilifukie kwenye kaburi la Constance, hata juu juu tu, ili lile nililosema liwe kweli, mama mkwe aendelee kulala, na Mwape asiwe na kitu cha kuficha. Germaine anasema nimpe yeye alifiche mpaka wageni waondoke. Kusema ukweli siwezi. Ni mama mkwe, hata kumtazama usoni siwezi, nitamwambiaje kwamba mwanawe yuko kwenye udongo bila blanketi, na kwamba miezi tisa alilala kwa ajili ya uongo wangu? Nisaidie, Mama. Nichague lipi?

Mimi wako katika huzuni,
Floribert, cité Albert


Floribert, mwanangu,

Pole. Pole ya kweli, ya mtu ambaye naye amekwisha kukunja nguo za marehemu wake. Sasa kaa vizuri, kwa sababu pole imekwisha.

Kwanza lile jembe. Lirudishe ulikolitoa. Unataka kumfukua mkeo ili akusaidie kudanganya? Kwa jinsi ulivyomweleza, Constance angekuchapa mwiko. Mwanamke aliyefumua sweta lenye matundu ili uzi usipotee, leo wewe unamfukia blanketi zima ambalo bado lina kazi, juu ya kichwa chake, na mtoto wake anatetemeka mlangoni! Na huyo Germaine mwambie asante sana, afiche vya kwake.

Sasa nikuambie kosa lako, maana unadhani kosa lako ni uongo. Uongo ulikuja nyuma. Mimi nilizaliwa Kasenga, kando ya Luapula, na watu wa mkeo nawajua kama ninavyojua sindano zangu. Wewe ni mwana wa Waluba wa kaskazini. Kwenu mtoto ni wa baba, kwa hiyo ulipomwona Mwape mlangoni ulimhesabu upande wako, ukasema moyoni, watu wa Kilwa watakuja kumnyang'anya mtoto wangu. Floribert, kwa watu wa ziwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ndivyo ilivyokuwa kabla reli haijafika na ndivyo ilivyo leo. Siku ya kuondoa matanga Mwape hatasimama mlangoni na wewe. Ataketi mkekani, katikati, pamoja na nkambo yake na mjomba wake, kwa sababu naye ni mwenye marehemu. Nguo zikigawanywa, yeye ni wa kugawiwa. Mgeni pale ni wewe peke yako. Miaka saba umekaa na mwanamke wa Mweru, umekula samaki wao, na hukuuliza jambo hili hata mara moja! Ulimwibia mtoto kitu ambacho watu wake wangeweza kumpa mbele ya wote, kwa vigelegele.

Sisemi watampa kwa hakika. Nkambo anaweza kukitaka kikwembe chake, ni haki yake. Lakini uliwafungia mlango kabla hawajabisha hodi.

Unaniuliza juu ya mama mkwe na usingizi wake. Hapo panauma. Nami nakumbuka. Wakati wa vita vitambaa vilipopotea madukani, hapa mjini tulishona magunia, na mimi nilimzika mwanangu katika shuka niliyoiunganisha katikati, kama zile za mkeo, na kwa muda mrefu nilifikiri juu ya ule mshono, kama ulimkwaruza. Mama anafikiri hivyo, usimcheke. Lakini angalia mama mkwe wako alitaka nini. Alitaka kujua mwanawe alizikwaje, na nani alimjali. Na wewe jibu la kweli unalo, na umelificha pamoja na blanketi! Ulikwenda dukani asubuhi ile ile macho yamevimba, ukachagua gauni jeupe la vifungo vya chaza. Mweleze gauni hilo. Mweleze mikono yake ilikuwa mirefu au mifupi, nani alimvika, kitambaa kilikuwa kinene kiasi gani. Atauliza yote, naye ana haki ya kujibiwa. Atalia. Atakukasirikia pia, na Kunda zaidi, kwa sababu ulimfanya akamdanganye mama yake bila kujua. Hasira hiyo ni yako, ipokee. Umekula sifa miezi tisa, kula na hiyo.

Na ile aibu yako ya cercle, sikusudii kukupiga nayo. Wanaume wengi wa tai wananiandikia kuhusu wake zao wanaoshona viraka. Ninafundisha ushonaji foyer social, shule ya akina mama, na kila wiki naona wasichana wanaojua kudarizi ua juu ya kitambaa cha meza lakini hawajui kugeuza kola. Nakukumbusha tu kwamba mwanamke yule alijua kuona uzima ulioko katika kitu kilichotupwa, na wewe ulikuwa mmoja wa vitu vyake vya kwanza kutengenezwa. Umkumbuke Jumapili na mikono juu. Hiyo huhitaji kuificha kwa mtu.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na usiongeze lako.

Usingoje mwezi wa nane. Omba ruhusa kazini na karatasi ya safari wiki hii. Lori za samaki zinarudi Kasenga tupu, dereva yeyote atakupakia na mtoto, na kutoka Kasenga kuna mashua mpaka Kilwa. Peleka blanketi lenyewe, si habari zake. Fika kwanza kwa Kunda, kwa sababu ni yeye uliyemwambia, umwambie yeye kabla ya mama. Yeye atakuketisha. Kaa mbali na mama mkwe kama adabu inavyotaka, macho chini, lakini useme mwenyewe kwa mdomo wako. Desturi inakukataza kula mbele yake, haikukatazi kuomba msamaha mbele yake. Ukimaliza kusema, nyamaza. Usijitetee kwa huzuni yako, yeye anayo zaidi yako. Wakisema blanketi libaki Kilwa, libaki. Wakisema likatwe, hawatakuuliza mkasi upite wapi. Na samaki wa mwezi huu uwale, mwanangu, mama mzee aliwaanika kwa mikono yake, ni dhambi kuwagawa kama karanga.

Usifikiri utapata nafasi ya kusitasita. Jibu hili nakutumia kwa mkono leo Jumatatu, na Jumamosi ya wiki ijayo litakuwa gazetini pamoja na barua yako. Nimeufikiria ukali huu na nimeukubali. Hata nikiyabadilisha majina, watu wa Kilwa watajua ni blanketi la nani, na katekista anasoma gazeti hili kwa sauti barazani kila linapofika. Afadhali mama yule asikie kwako kuliko kwa katekista.

Lakini kabla ya ruhusa, kabla ya dereva, kabla hujanijibu kwamba mimi ni mwanamke mkali, kuna mtu mmoja wa kumwambia ukweli leo hii hii. Mtoto wako anaamini kwamba mama yake anasikia baridi kwa sababu yake. Ana miaka sita na anajiona mwizi, na ni wewe uliyemfundisha, gotini, mara tatu. Kunda atakusamehe au hatakusamehe, mama mkwe vile vile, hao ni watu wazima. Huyu asilale tena hata siku moja na jambo hilo. Akikililia kitambaa, ni kilio cha mtoto, kitapita. Asilie kama mtu mwenye hatia. Mchukue, uketi chini ili macho yenu yalingane, umwambie, "Mama hasikii baridi. Ni miye nilidanganya, haiko weye. Blanketi ilikuwa yako siku zote." Kisha mwache aifungue mwenyewe ile kamba, alitandike blanketi, alikunje upya, na umwambie, "Kunja muzuri, Mwape, tunaenda kwa nkambo."

Mama Victorine